Sura ya Sita: Kizazi Chenye Kovu

"Nilitolewa faibroidi. Je, nitazaa? Na nikishika mimba, nitajifungua kwa njia ya kawaida au lazima nipasuliwe tena?"

Maswali haya huja pamoja, na mara nyingi huulizwa kwa sauti ya chini, nje ya chumba cha daktari. Anayeuliza amekwisha kumuuliza dada yake, wifi yake na shoga yake wa kazini, na kila mmoja amempa jibu lake. Mmoja anamjua mtu aliyezaa watoto watatu baada ya operesheni, wote salama. Mwingine anamjua mtu ambaye kizazi kilichanika na mtoto akafariki. Huenda wote wawili wanasema kweli. Kilichowatenga wanawake hao ni mahali kovu lilipokaa kwenye kizazi na kina chake, na hayo hayaonekani kwa kutazama tumbo. Yameandikwa katika taarifa ya operesheni, karatasi ambayo wanawake wengi waliopasuliwa hawajawahi kuishika mkononi. Nitaitaja karatasi hiyo mara nyingi katika sura hii, kwa sababu naamini inaokoa maisha.

Kilichotolewa ni nini hasa?

Faibroidi ni uvimbe unaoota kutokana na msuli wa mfuko wa uzazi, ambao wengi tunauita kizazi. Si saratani. Unaweza kuwa na upana wa chini ya sentimita moja, au ukakua hadi tumbo likaonekana kama la mjamzito wa miezi sita. Mwanamke anaweza kuwa na mmoja au akawa na makumi.

Ni tatizo la wengi kuliko tunavyokiri. Utafiti uliofanywa Marekani ulionyesha kwamba kufikia umri wa miaka 50, zaidi ya wanawake 8 kati ya 10 wenye asili ya Afrika wamewahi kuwa na faibroidi, na kwamba wao huzipata mapema kuliko wanawake wazungu. Kwa maneno mengine, huota katika miaka ileile ambayo mwanamke anatafuta mtoto. Mwigizaji Lupita Nyong'o, Mkenya tunayemfahamu sote, alieleza hadharani mwaka 2025 kwamba aligunduliwa kuwa na faibroidi mwaka 2014, mwaka uleule aliopokea tuzo ya Oscar, na kwamba alifanyiwa upasuaji. Alikaa nalo kimya kwa zaidi ya miaka kumi. Kama yeye alinyamaza, si ajabu kwamba mwalimu wa Singida au muuza samaki wa Mombasa naye ananyamaza.

Faibroidi hutajwa kwa mahali zilipoota, na kwa msomaji wa sura hii mahali ndiyo habari muhimu kuliko zote. Ziko zinazochomoza ndani ya chumba cha kizazi, pale mtoto anapolala. Ziko zilizojificha katikati ya ukuta wa msuli. Na ziko zinazoelekea nje, upande wa tumbo, nyingine zikining'inia kwa kikonyo chembamba.

Kuziondoa kuna njia tatu. Ya kwanza ni kufungua tumbo kwa kisu, na ndiyo inayotumika zaidi hapa Afrika Mashariki, kwa sababu wagonjwa wengi hufika faibroidi zikiwa nyingi na kubwa. Ya pili ni kupitisha kamera na vyombo kwenye matundu madogo ya tumbo. Madaktari huiita laparoskopi. Ya tatu haina kovu la nje kabisa: kamera nyembamba hupitishwa ukeni na kwenye mlango wa kizazi hadi chumbani, na uvimbe ukakatwa humo humo. Hiyo huitwa histeroskopi, na inafaa tu kwa zile zinazochomoza ndani ya chumba.

Katika njia zote tatu kizazi hubaki. Hili nalisema wazi, maana wapo wanaochanganya operesheni hii na kutolewa kizazi, na wapo wanaume waliowahi kuwaacha wake zao kwa kuchanganya huko. Aliyetolewa kizazi hapati hedhi wala mimba. Aliyetolewa faibroidi peke yake bado ana kizazi, bado anapata hedhi, na bado anaweza kubeba mimba.

Haikuwa hivyo siku zote. Mwanzoni mwa karne ya 20, mwanamke aliyefika hospitali na faibroidi kubwa kwa kawaida alitolewa kizazi chote, hata kama hakuwa amezaa. Daktari mmoja wa London, Victor Bonney, alipambana na desturi hiyo kwa miaka mingi ya kazi yake. Mke wake mwenyewe alikuwa ametolewa kizazi kwa sababu ya faibroidi, na ndoa yao haikupata mtoto. Bonney alibuni koleo la kubana mishipa ya damu ya kizazi wakati wa upasuaji, ili daktari apate nafasi ya kutoa uvimbe mmoja baada ya mwingine bila mgonjwa kuishiwa damu, kisha akishone kizazi na kukiacha mahali pake. Kila mwanamke anayesoma sura hii akiwa na kizazi chake kilichoshonwa ana deni kwa ubishi wa mtu yule.

Je, nitashika mimba?

Inawezekana, na kwa wengi imewezekana. Hospitali mbalimbali duniani zilizowafuatilia wagonjwa wao zimeona kwamba karibu nusu ya waliokuwa wakitafuta mtoto hushika mimba baada ya operesheni. Nusu ni habari njema kwa mtu aliyekwisha kukata tamaa, lakini pia inamaanisha kwamba nusu nyingine hawakushika, au walichelewa sana. Kwa nini?

Umri ndio wa kwanza. Mwanamke wa miaka 31 na wa miaka 41 wanaweza kutolewa faibroidi zinazolingana, na daktari yuleyule, siku ileile, lakini mayai yao hayalingani. Operesheni husafisha kizazi. Hairudishi umri wa mayai.

Pili, huenda faibroidi hazikuwa ndizo zilizozuia mimba. Zile zinazochomoza ndani ya chumba huzuia mimba kujishika, na kuziondoa husaidia. Zile zinazoelekea nje kwa kawaida hazina neno na mimba. Mwanamke anaweza kutolewa faibroidi sita za nje na akaendelea kusubiri, kumbe mirija yake, yaani vijia vinavyopitisha yai kutoka kwenye ovari hadi kizazini, iliziba miaka mingi iliyopita kwa sababu ya maambukizi ambayo hayakutibiwa. Kipimo cha mirija kipo: dawa inayoonekana kwenye eksirei hupitishwa kizazini na picha zikapigwa kuona kama inapenya hadi upande wa pili.

Tatu ni mume. Inakadiriwa kwamba katika karibu nusu ya ndoa zinazochelewa kupata mtoto, mwanamume ana mchango katika tatizo. Kipimo cha mbegu ni cha bei nafuu, hakina kisu, na majibu hutoka haraka. Inaniuma kuona mwanamke anapasuliwa tumbo kabla mume hajaombwa hata mara moja kutoa sampuli.

Nne ni kovu lenyewe. Baada ya upasuaji wa tumbo, viungo vya ndani vinaweza kushikana kwa nyuzi za kovu, na nyuzi hizo zikabana mirija. Ndani ya chumba cha kizazi pia kuta mbili zinaweza kugandana. Dalili yake ni hedhi kuwa kidogo mno kuliko zamani au kukatika kabisa baada ya operesheni. Ukiona hivyo usifurahie kupumzika na pedi. Rudi kwa daktari, kwa sababu mgandano huo unaweza kufunguliwa.

Nisubiri muda gani?

Msuli wa kizazi huhitaji muda wa kuunga. Kwa waliopasuliwa tumbo au kufanyiwa laparoskopi, madaktari wengi hushauri kusubiri miezi mitatu hadi sita. Kama makovu ni mengi au yamezama sana, wengine husema hadi mwaka. Kwa waliofanyiwa histeroskopi, mwezi mmoja hadi mitatu kwa kawaida hutosha. Muda huo tumia njia ya uzazi wa mpango inayokufaa: kondomu, vidonge, au utakayoshauriwa. Kuhesabu siku peke yake wakati mshono ungali mbichi ni kujitia hatarini.

Lakini kuna kosa la upande wa pili, na kwetu ndilo ninaloliona zaidi: kusubiri kupita kiasi. "Acha kizazi kipumzike miaka miwili," anaambiwa mwanamke wa miaka 36, na anatii. Katika miaka hiyo miwili mayai yanapungua, na faibroidi mpya zinaweza kuota, kwa maana operesheni huondoa zilizopo, haizuii zijazo. Muda uliopewa na daktari wako ukiisha, na kipimo cha utrasaundi kikionyesha kizazi kimetulia, anzeni kutafuta mtoto. Mkikaa miezi sita bila mimba na una miaka 35 au zaidi, nendeni wote wawili mkapimwe.

Muda wa kusubiri pia ni wa kurudisha damu. Wengi hufika chumba cha upasuaji wakiwa tayari wamepungukiwa damu kwa sababu ya hedhi nzito za miaka, kisha wakapoteza nyingine mezani. Pima wingi wa damu, meza vidonge vya madini ya chuma, na anza foliki asidi, vitamini inayosaidia uti wa mgongo wa mtoto kuumbika vizuri, angalau mwezi mmoja kabla ya kushika mimba. Kuanza mimba na damu pungufu ni kukopa kabla ya kupata mshahara.

Kwa ufupi: kizazi kilichotolewa faibroidi kinaweza kubeba mimba. Subiri kwa muda uliopewa, usiuzidishe. Mume naye apimwe.

Mimba imeshika: nianze wapi?

Anza kliniki mapema, usisubiri tumbo lionekane. Shirika la Afya Duniani linapendekeza mahudhurio yasiyopungua manane katika mimba moja, la kwanza likiwa ndani ya wiki 12. Siku ya kwanza mwambie mkunga maneno haya bila kuzunguka: "Nilitolewa faibroidi, na kizazi changu kina kovu." Hakikisha ameandika kwenye kadi ya kliniki. Mwanamke ambaye hajawahi kuzaa kwa upasuaji akisema tu "sijawahi kupasuliwa uzazi", amesema kweli, lakini mkunga anayemsikia ataandika kwamba kizazi hakina kovu. Kutoka hapo kila uamuzi utafuata njia isiyo yake.

Utrasaundi ya mwanzo, karibu na wiki ya saba, inaonyesha kama mimba imekaa ndani ya chumba. Utrasaundi ya pili, kati ya wiki ya 18 na 22, ina kazi ya ziada kwako: kutazama kondo la nyuma, yaani ile nyama inayomlisha mtoto, limejishika wapi. Likijishika juu ya kovu, linaweza kuzama kwenye msuli na kukataa kutoka baada ya mtoto kuzaliwa, na damu ikamwagika bila kukoma. Hali hii si ya kawaida, lakini ikijulikana mapema, mwanamke huzalishiwa hospitali kubwa yenye damu ya kutosha na wapasuaji waliojiandaa. Isipojulikana huua.

Yapo pia maumivu ambayo si ya kovu. Kama faibroidi ndogo ziliachwa, au mpya zimeota, moja inaweza kukua haraka hadi damu isiitosheleze, na katikati ya mimba ikaanza kuuma mahali pamoja kwa siku kadhaa. Daktari akithibitisha kwamba ni hilo, tiba yake kwa kawaida ni kupumzika na dawa ya maumivu atakayoiandika. Haikatwi wakati wa mimba isipokuwa kwa sababu nzito sana, kwa kuwa kizazi chenye mimba hutoka damu nyingi mno.

Hofu ya kuchanika

Tuliseme linaloogopwa. Kuchanika kwa kizazi maana yake ni kovu kuachia, ukuta ukafunguka, na mtoto au kondo likasukumwa nje ya kizazi kuingia tumboni. Damu humwagikia ndani. Mtoto anaweza kufa ndani ya dakika chache, na mama naye asipopasuliwa haraka.

Hutokea mara ngapi? Ukikusanya taarifa za hospitali, ni chini ya mwanamke 1 katika kila 100 waliobeba mimba baada ya kutolewa faibroidi. Kiwango hicho hakiko mbali na cha mwanamke aliyewahi kuzaa kwa upasuaji mara moja kisha akaingia kwenye uchungu. Basi kwa nini madaktari huwa waangalifu zaidi kwa huyu wa faibroidi?

Sababu ni mahali. Upasuaji wa kuzaa kwa kawaida hukata sehemu ya chini ya kizazi, ambayo wakati wa uchungu hunyooka tu. Faibroidi hazichagui, nyingi hukaa sehemu ya juu, kwenye msuli mnene unaojikaza kwa nguvu kumsukuma mtoto. Fundi cherehani anajua kwamba mshono wa pindo hudumu hata ukiwa mwepesi, lakini mshono wa kwapani, unaovutwa kila mkono unapoinuka, hauna huruma na uzi mbaya. Tena, kovu la upasuaji wa uzazi hufanana kwa karibu kila mama, ilhali makovu ya faibroidi hayafanani hata kwa ndugu wawili: huyu lake ni la juu juu, yule ana matano yaliyopenya ukuta mzima. Ile 1 kati ya 100 ni wastani wa wote hao. Wapo walio chini sana ya wastani, na wapo walio juu.

Jambo la pili ni wakati. Kovu la faibroidi linaweza kuachia kabla ya uchungu kuanza, hasa katika miezi mitatu ya mwisho. Kwa hiyo hata aliyepangiwa upasuaji hawezi kusema, "Mimi nimepona, nasubiri tarehe." Anapaswa kuzijua dalili:

- maumivu makali ya ghafla ya tumbo ambayo hayaachii, tofauti na uchungu unaokuja na kuondoka;
- kutokwa damu ukeni;
- mtoto kuacha kucheza au kucheza kidogo kuliko kawaida yake;
- kizunguzungu, kuzimia, jasho baridi, moyo kwenda mbio;
- maumivu ya bega yanayokuja pamoja na maumivu ya tumbo;
- uchungu uliokuwa mkali kukatika ghafla.

Ukiona hata moja, nenda hospitali yenye chumba cha upasuaji saa hiyohiyo, iwe usiku au mchana. Usianze kwa kupiga simu kwa shangazi.

Nizae kwa njia ipi?

Tuwachukue wanawake watatu wa mfano, tuone jinsi daktari anavyofikiri.

Wa kwanza ana miaka 29. Alikuwa na faibroidi moja ya sentimita 3 ndani ya chumba, ikatolewa kwa histeroskopi, na ukuta haukutobolewa. Huyu anaweza kuzaa kwa njia ya kawaida kama mama mwingine yeyote, isipokuwa itokee sababu nyingine.

Wa pili ana miaka 33. Alifunguliwa tumbo, na ana kovu refu kutoka kitovuni kushuka chini, kovu ambalo wifi zake walipoliona walishika vichwa. Lakini ndani, faibroidi yenyewe ilikuwa inaning'inia nje ya kizazi kwa kikonyo. Daktari alikata kikonyo na kushona juu juu. Ukuta wa kizazi haukuguswa kwa kina. Huyu pia anaweza kujaribu njia ya kawaida, katika hospitali inayoweza kumpasua haraka ikibidi.

Wa tatu ana miaka 37 na kovu lake la nje ni fupi, limejificha chini ya mstari wa chupi. Ndani alitolewa faibroidi 14, chumba cha kizazi kilifunguliwa, na mishono iko mbele, nyuma na juu. Huyu asiachwe kuingia kwenye uchungu. Hupangiwa upasuaji mapema, mara nyingi wiki ya 37 au ya 38, na kama kizazi kilikatwa sana daktari anaweza kusogeza hadi wiki ya 36. Mtoto wa wiki hizo huenda akahitaji uangalizi wa kupumua siku za kwanza, ndiyo maana tarehe hupangwa kwa kupima hatari mbili, ya mtoto kutoka mapema na ya kovu kusubiri zaidi.

Watazame tena wa pili na wa tatu. Kovu la ngozi halikusema lolote kuhusu kovu la kizazi.

Kati yao kuna kundi kubwa ambalo madaktari hawakubaliani sana juu yake: aliyetolewa faibroidi moja au mbili zilizokuwa katikati ya ukuta, bila chumba kufunguliwa. Hospitali moja itamruhusu kujaribu njia ya kawaida chini ya uangalizi wa karibu, nyingine itampangia upasuaji. Tofauti hiyo humchanganya mgonjwa na kumfanya ahisi anachezewa, lakini mara nyingi inatokana na kile hospitali ilicho nacho. Kujaribu njia ya kawaida na kovu la namna hii kunahitaji mapigo ya moyo wa mtoto yafuatiliwe muda wote wa uchungu, daktari wa upasuaji na mtaalamu wa usingizi wawepo, na damu iwepo. Penye hayo yote, ni jambo la kuzungumzwa. Pasipokuwepo hata kimoja, mimi nasimama na upasuaji uliopangwa. Sijali atakayesema kwamba mama huyo hakuzaa, bali alizalishwa. Mtoto aliyetolewa akiwa hai na mama yake akiwa hai, hapo hapana cha kuonea haya.

Yote haya yanategemea habari za ndani ya chumba cha upasuaji. Kwa hiyo kabla hujaruhusiwa kutoka hospitali baada ya operesheni ya faibroidi, omba taarifa iliyoandikwa yenye majibu ya maswali haya:

- Faibroidi ngapi zilitolewa, na kubwa zaidi ilikuwa na sentimita ngapi?
- Zilikuwa sehemu gani za kizazi, na zilizama kiasi gani ukutani?
- Chumba cha kizazi kilifunguliwa au hakikufunguliwa?
- Ukuta ulishonwa kwa matabaka mangapi?
- Mirija na ovari zilionekanaje?
- Nisubiri muda gani, na unashauri nizae kwa njia ipi?

Kama ulipasuliwa zamani na hukupewa chochote, rudi ukaombe. Hospitali nyingi hutunza kumbukumbu za upasuaji kwa miaka kadhaa. Kama imepotea kabisa, daktari wa sasa atakuhesabu miongoni mwa wenye kovu la kina, na hana budi kufanya hivyo.

Mahali, damu, na chai ya mama mkwe

Zahanati haina chumba cha upasuaji, na vituo vya afya vingine pia havina. Mwenye kovu la kizazi hapaswi kupanga kuzalia huko, hata kama nesi wa hapo ni ndugu yake na anampenda. Kama unaishi mbali na hospitali, sogea karibu nayo ifikapo wiki ya 36, kwa ndugu au kwenye nyumba ya akina mama wanaosubiri kujifungua, ambayo hospitali kadhaa za wilaya na mikoa zinayo. Mvua za masika zinapofunga barabara, mimba haingoji.

Upasuaji wako unaweza kuchukua muda mrefu kuliko wa mwenzako, kwa sababu ya viungo vilivyoshikana, na damu inaweza kutoka zaidi. Jua kundi lako la damu. Ongea mapema na ndugu wawili au watatu walio tayari kwenda benki ya damu kuchangia kabla ya tarehe. Mwezi wa mwisho pima damu tena. Wingi wa damu ukiwa chini ya gramu 11, sema na daktari wako, usisubiri akuone umepauka.

Nimeacha la mwisho hili kwa sababu ndilo gumu kusema nyumbani. Katika jamii zetu nyingi mjamzito aliyekaribia hupewa dawa ya miti shamba ya kuharakisha uchungu, mara nyingine imechemshwa kama chai, na anayeileta ni mtu wa heshima: bibi, mama mkwe, mkunga wa jadi. Analeta kwa mapenzi. Baadhi ya mimea hiyo kweli hukaza kizazi, na hukikaza bila kipimo. Kizazi chenye kovu kikikazwa hivyo kinaweza kuchanika. Hospitalini pia vidonge vya kuanzisha uchungu viitwavyo misoprostoli huepukwa kwa mwenye kovu, na dripu ya uchungu hutolewa kwa tahadhari kubwa au haitolewi kabisa. Ikiwa daktari mwenye mitambo anaogopa, hatuwezi kuiacha kazi hiyo kwa kikombe. Mzigo wa kukataa usiwe wa mjamzito peke yake. Mume aongee na mama yake kabla ya mwezi wa nane: "Mama, mkweo huyu kizazi chake kimeshonwa, daktari amekataza dawa zote za uchungu, na za kukanda tumbo pia." Mama mkwe aliyeelezwa mapema kwa heshima mara nyingi huwa ndiye mlinzi mkali kuliko wote.

Kwa ufupi: njia ya kuzaa huamuliwa na kovu la ndani. Zalia penye chumba cha upasuaji na damu. Hakuna dawa ya kuharakisha uchungu, ya kienyeji wala ya dukani.

Baada ya mtoto

Kunyonyesha hakuna tofauti. Katika saa za kwanza wakunga watakuangalia zaidi kwa ajili ya kutoka damu, kwa kuwa kizazi chenye makovu, au chenye faibroidi iliyobaki, wakati mwingine hujikaza kwa uvivu.

Kama umezaa kwa upasuaji, daktari ameliona kovu la faibroidi kwa macho yake, nafasi ambayo hakuna kipimo kinachoifikia. Mwombe aandike alivyolikuta: zima au limekonda, na wapi viungo vimeshikana. Kwa mimba inayofuata habari hiyo ina thamani kuliko utrasaundi kumi. Mpe mwili nafasi. Pendekezo la Shirika la Afya Duniani ni angalau miezi 24 kutoka kujifungua hadi kushika mimba nyingine, na mwenye umri mkubwa azungumze na daktari kama muda huo ufupishwe.

Na faibroidi zinazoonekana wakati wa mimba, au zinazopapaswa tumboni wiki chache baada ya kujifungua, zisikutie haraka ya kurudi mezani. Nyingi husinyaa kizazi kinaporudi katika ukubwa wake. Utrasaundi ya kuzihesabu ifanywe miezi mitatu hadi sita baada ya kujifungua, na mazungumzo yoyote ya operesheni ya pili yaanze baada ya majibu hayo, pamoja na swali kama bado unataka kuzaa.